Miswada ya Muziki wa Italia ya Karne ya 18: Somo juu ya Kutunza Tulichopokea



Ndugu wasomaji, somo letu la leo tunalianza na kosa letu wenyewe. Likizo iliyopita tulikuwa mafrateri watatu katika parokia moja, na paroko alituomba tusafishe chumba cha kwaya. Ndani ya kabati tulikuta mafurushi ya nyimbo zilizoandikwa kwa mkono, nyingine kwa nota za do-re-mi, nyingine kwa mistari mitano. Mchwa walikuwa wameshaanza kazi yao. Tukatenga vitabu vilivyochapwa, na zile karatasi tukazipeleka nyuma ya jengo tukazichoma. Tuliona tumefanya kazi njema.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, alitujia mwalimu wa zamani wa kwaya, mzee aliyekwisha kuachia kazi hiyo vijana. Akatuuliza kwa upole: "Mafrateri wangu, ule wimbo wa mavuno uliokuwa kwenye bahasha ya kaki mmeuweka wapi?" Hatukuwa na jibu. Mtunzi wake alishafariki, na nakala ilikuwa hiyo moja tu. Mzee mwenyewe aliikumbuka sauti ya tatu peke yake, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiiimba miaka yote.

Tuliporudi seminarini, kwaya yetu ilikuwa inajifunza sehemu ya kwanza ya Gloria ya Antonio Vivaldi. Safari hii tulizitazama nota kwa macho mengine. Mtunzi huyu alifariki mwaka 1741. Je, karatasi zake zilipita wapi hata zikatufikia? Nani hakuzichoma? Maswali hayo ndiyo yaliyotupeleka kwenye habari za miswada ya muziki wa Italia ya karne ya 18, na haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Mswada wa muziki ulitengenezwaje?

Katika Italia ya wakati ule, opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, ilipendwa sana katika miji kama Venezia na Napoli. Maneno ya mchezo yalichapwa katika kijitabu ambacho watazamaji walikinunua. Muziki wenyewe, kwa kawaida, haukuchapwa. Kuchapa nota kulikuwa na gharama kubwa, na opera nyingi ziliishi msimu mmoja tu. Tena muziki ulibadilikabadilika: akija mwimbaji mpya, wimbo mmoja uliondolewa na kuwekwa mwingine unaofaa sauti yake.

Kwa hiyo aliyetaka kuwa na muziki huo alikwenda kwa wanakili, watu ambao kazi yao ilikuwa kuandika nota kwa mkono na kulipwa. Mnakili alichora mistari mitano kwa kifaa chenye ncha tano, kisha akaandika nota kwa kalamu ya unyoya. Miswada mingi ya nyimbo za opera ni mipana kuliko ilivyo mirefu, kama daftari la picha lililolazwa. Mtu tajiri aliweza kuagiza opera nzima. Wengine waliagiza wimbo mmoja au miwili iliyowagusa, wakaenda nayo nyumbani Ujerumani au Uingereza. Ndiyo maana leo utakuta nyimbo za Napoli katika maktaba zilizo mbali kabisa na Napoli.

Hapa inatupasa kutofautisha vitu viwili. Kuna mswada ulioandikwa na mtunzi kwa mkono wake mwenyewe, wenye makosa yaliyofutwa na mistari iliyokatwa. Na kuna nakala, iliyoandikwa na mtu mwingine, mara nyingi safi na nzuri zaidi kwa macho. Vyote viwili ni vya thamani, kwa sababu mara nyingi mkono wa mtunzi umepotea na nakala ndiyo iliyobaki.

Wino wa wakati ule ulichanganywa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni. Ni wino mweusi unaodumu, lakini ukiwa mkali hula karatasi polepole. Zipo kurasa ambazo leo vichwa vya nota vimedondoka na kuacha matundu. Karatasi nayo ina habari zake. Ukiiinua kwenye mwanga, unaona alama ya kiwanda iliyofichwa ndani yake. Alama mojawapo inayojulikana sana ni miezi mitatu michanga iliyopangwa mstari mmoja. Karatasi hiyo ya Italia ya kaskazini iliuzwa pia kwa wingi katika nchi za Kiislamu za Mashariki ya Kati na Afrika. Kwa kulinganisha alama hizo na miandiko ya wanakili, wataalamu huweza kukadiria mswada uliandikwa wapi na lini, hata kama hauna tarehe wala jina.

2. Napoli: kijana wa miaka 26 na jina lililokopwa

Mji wa Napoli ulikuwa na shule nne za muziki zilizoanza kama nyumba za kulea watoto yatima na maskini. Moja iliitwa Maskini wa Yesu Kristo. Huko alisoma Giovanni Battista Pergolesi, aliyezaliwa mwaka 1710. Opera yake fupi ya kuchekesha, La serva padrona, ilichezwa mwaka 1733. Alifariki Machi 1736 katika mji wa Pozzuoli, akiwa amehamia kwa watawa Wafransisko kwa ajili ya ugonjwa wake. Alikuwa na miaka 26. Wengi wetu darasani tuko karibu na umri huo.

Kazi yake ya mwisho ni Stabat Mater, utenzi wa Mama Maria chini ya msalaba, kwa sauti mbili na vyombo vya nyuzi. Mswada wa mkono wake umehifadhiwa katika abasia ya Wabenedikto ya Montecassino. Wasomaji wanaojua habari za vita watakumbuka kwamba abasia hiyo ilibomolewa kwa mabomu tarehe 15 Februari 1944. Hazina kubwa ya vitabu na hati zake ilikuwa imeondolewa miezi michache tu kabla ya hapo na kupelekwa Roma. Jengo lilianguka, nalo lilijengwa upya. Karatasi zilizoandikwa kwa mkono zikiteketea, hakuna wa kuzijenga upya.

Pergolesi alipokwisha kufa, sifa zake zilienea Ulaya yote, na hapo likazuka tatizo. Wanakili na wachapaji waliona kwamba jina lake linauza, wakaliweka juu ya kazi za watu wengine. Kosa hilo lilidumu muda mrefu. Mwaka 1920 Igor Stravinsky alitoa muziki wa ngoma uitwao Pulcinella, akitumia vipande vilivyoaminiwa kuwa vya Pergolesi. Baadaye ilithibitika kwamba sehemu kubwa si vyake: vingine ni vya Domenico Gallo, na kimojawapo ni cha mwungwana wa Uholanzi, Unico Wilhelm van Wassenaer. Huyu wa mwisho alitambuliwa mwaka 1980 tu, baada ya mswada wenye maandishi ya mkono wake kupatikana katika ngome ya Twickel huko Uholanzi.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kutofautisha rai na ujuzi. Hapa tuna mfano wa wazi. Kwa muda mrefu watu walisema "ni ya Pergolesi" kwa sababu wengine walisema hivyo. Aliyelitatua jambo hilo hakutumia hoja kali kuliko wenzake. Alikwenda kwenye karatasi yenyewe akatazama.

Napoli ilitufundisha jambo jingine pia. Mwishoni mwa karne ya 18 mfalme aliagiza kwamba nakala ya kila opera inayochezwa katika majumba ya michezo ya mji iwekwe kwenye maktaba ya shule ya muziki. Agizo hilo dogo la kiofisi liliokoa kazi nyingi. Shule zile za zamani ziliunganishwa, na tangu mwaka 1826 shule iliyozirithi iko San Pietro a Majella, ambako maktaba yake ni miongoni mwa hazina kubwa za miswada ya opera duniani.

3. Torino: padre, Wasalesiani na watoto wawili

Sasa turudi kwa Vivaldi. Alizaliwa Venezia mwaka 1678, akapewa upadre mwaka 1703, na mwaka huohuo akaanza kufundisha fidla katika Pietà, nyumba iliyolea watoto walioachwa na wazazi wao. Wasichana wa nyumba hiyo waliimba na kupiga vyombo kwa ustadi hata wageni wakasafiri kuwasikiliza. Aliwaandikia muziki wa kanisa, na wakati huohuo aliandika opera kwa ajili ya majumba ya michezo. Katika barua ya mwaka 1739 alidai kuwa ameandika opera 94. Zile ambazo muziki wake umebaki leo, zikiwa kamili au pungufu, ni kama 20 tu.

Alifariki Vienna mwaka 1741 akiwa maskini, na jina lake likasahaulika upesi. Karatasi zake za kazi, zile alizokaa nazo nyumbani, zilimfikia mwungwana mmoja wa Venezia, Jacopo Soranzo, na baadaye Giacomo Durazzo wa Genova, aliyekuwa balozi wa Austria huko Venezia. Katika ukoo wa Durazzo zilirithiwa kizazi baada ya kizazi, na mwishowe ndugu wakagawana. Nusu ilikwenda huku, nusu kule.

Mwaka 1926 chuo cha Wasalesiani cha Borgo San Martino, kaskazini mwa Italia, kilikuwa na mkusanyo wa vitabu vya zamani vya muziki kiliopewa na mtu wa ukoo huo. Mapadre walihitaji fedha, wakafikiria kuuza. Lakini kabla ya kuuza waliomba Maktaba ya Taifa ya Torino itume mtu wa kuwaambia thamani yake. Luigi Torri, mkuu wa maktaba, alimpa kazi hiyo Alberto Gentili, profesa wa historia ya muziki. Gentili akakuta juzuu 97, na 14 kati yake zilikuwa za Vivaldi: muziki ambao hakuna aliyejua kwamba bado upo.

Tulipofika hapo katika kusoma, tulinyamaza kidogo. Wale mapadre nao walikuwa na kabati la karatasi kuukuu wasizozijua. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao waliuliza kwanza.

Maktaba haikuwa na fedha, na ilihofiwa kwamba vitabu vingeuzwa kimoja kimoja. Ndipo akapatikana Roberto Foà, mtu wa biashara ya fedha, ambaye alikuwa amefiwa na mtoto wake mdogo, Mauro. Alinunua mkusanyo wote akautoa kwa maktaba kwa kumbukumbu ya mwanawe. Gentili alipouchunguza akatambua kwamba mkusanyo huo ni nusu tu. Ikabidi ukoo wa Durazzo ufuatiliwe hadi Genova, kwa mzee aliyekuwa na nusu ya pili. Mwaka 1930 nusu hiyo nayo ilinunuliwa, safari hii na Filippo Giordano, mwenye kiwanda cha nguo, ambaye naye alikuwa amefiwa na mtoto, Renzo. Mpaka leo katika maktaba ya Torino mikusanyo hiyo miwili inaitwa kwa majina ya watoto hao: Mauro Foà na Renzo Giordano. Kwa pamoja ina juzuu 27 za Vivaldi, zenye kazi zaidi ya 400. Opera zimo, na Gloria tunayoiimba imo.

Septemba 1939, huko Siena, Alfredo Casella aliandaa juma la muziki wa Vivaldi, na Gloria ikasikika tena baada ya kimya cha karibu miaka mia mbili. Gentili hakushiriki heshima hiyo. Alikuwa Myahudi, na sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilikuwa zimemfukuza chuoni. Tunapoimba utukufu kwa Mungu juu, ni haki tukumbuke kwamba tunaimba kwa msaada wa mtu aliyenyang'anywa kazi yake kwa sababu ya kabila lake, na wa wazazi wawili waliokuwa na msiba.

4. Roma na Münster: padre aliyenakili

Mfano wa pili ni wa padre mwingine. Fortunato Santini wa Roma alikulia katika nyumba ya yatima, akasoma muziki, akapewa upadre mwaka 1801. Enzi hiyo ilikuwa ya misukosuko: majeshi ya Ufaransa yaliingia Roma, nyumba nyingi za kitawa zilifungwa, vitu vyake vikatawanyika. Santini hakuwa tajiri. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuandika na marafiki. Alikwenda katika maktaba za makanisa na za familia kubwa, akanakili kwa mkono wake asichoweza kununua, akabadilishana nakala na wenzake wa nchi nyingine. Mwaka 1820 alichapisha orodha ya alivyonavyo. Felix Mendelssohn alipofika Roma mwaka 1830 alimtembelea, akawaandikia nyumbani habari zake kwa furaha.

Mwishoni alikuwa na miswada takriban 4,500, pamoja na vitabu zaidi ya 1,000 vilivyochapwa. Humo mna kazi za Alessandro Scarlatti, Durante, Leo, Jommelli na wengine wengi, na pia nakala za kazi ambazo Georg Friedrich Händel aliziandika akiwa kijana huko Roma mwaka 1707 na 1708. Miaka hiyo opera ilikuwa imezuiwa Roma, kwa hiyo makardinali na wakuu waliagiza kantata na oratorio. Mojawapo, La Resurrezione, yaani Ufufuko, iliimbwa kwa Pasaka ya mwaka 1708 katika nyumba ya mkuu Francesco Maria Ruspoli. Miaka ya 1960 mtafiti Ursula Kirkendale alizitafuta hati za malipo za nyumba hiyo katika hifadhi ya Vatikano, akazikuta bili za wanakili: kurasa ngapi, kiasi gani, tarehe gani. Kwa bili hizo kantata nyingi za Händel zilipata tarehe zake. Nani angefikiri kwamba stakabadhi ya karani itakuja kuwa shahidi wa historia?

Santini alihofia mkusanyo wake usitawanyike baada ya kifo chake. Padre kijana wa Ujerumani, Bernhard Quante, aliyekuja Roma kusoma muziki wa kanisa, akawa kiungo. Mwaka 1855 jimbo la Münster liliununua, kwa makubaliano kwamba Santini apewe fedha za matumizi hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1861, na vitabu vikasafirishwa. Huko Münster navyo vilipitia majaribu: vilikaa miaka mingi bila wa kuvifungua, vikanusurika vita, kisha mwaka 1946 mafuriko yakaharibu sehemu yake. Leo viko katika maktaba ya jimbo, na watafiti huvifuata kutoka pande zote.

5. Jeraha lililomo ndani ya karatasi

Ndugu wasomaji, tusingekuwa wakweli kama tungesifu tu. Katika miswada hii, sauti za juu kabisa za mashujaa na wafalme wa opera mara nyingi ziliandikwa kwa ajili ya wanaume waliohasiwa wakiwa watoto ili sauti zao zisivunjike. Wengi walitoka familia maskini. Baadhi walisifiwa na kutajirika. Wengi hawakufika popote, na jeraha likabaki. Kitendo chenyewe kilikatazwa, lakini waimbaji wa namna hiyo waliajiriwa makanisani, hata katika kikanisa cha Papa. Papa Pio X, katika hati yake ya mwaka 1903 juu ya muziki wa kanisa, alielekeza kwamba sauti za juu ziimbwe na watoto wa kiume kama desturi ya kale. Alessandro Moreschi, wa mwisho anayejulikana miongoni mwa waimbaji hao, alifariki mwaka 1922.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu kutunza kumbukumbu si kuchagua yale yanayotupendeza. Karatasi inayobeba uzuri wa sauti inabeba pia jina la mtoto aliyeumizwa kwa ajili ya uzuri huo. Anayeichoma anafuta vyote viwili, sifa na ushahidi. Kanisa linaloungama dhambi zake linahitaji kumbukumbu kamili.

6. Orodha: mali bila daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mswada usioandikwa katika orodha ni kama haupo. Mwaka 1952 maktaba na wataalamu wa nchi mbalimbali walianzisha kazi ya pamoja ya kuorodhesha vyanzo vya muziki duniani, inayojulikana kwa kifupi RISM. Kila mswada huandikiwa jina la mtunzi kama linajulikana, maktaba ulipo, aina ya karatasi, na nota chache za mwanzo wa wimbo. Nota hizo za mwanzo ni kama alama ya kidole: hata jina likiwa limekosewa, mwanzo wa wimbo unaweza kulinganishwa na mwingine ulioko nchi nyingine. Orodha hiyo sasa ina rekodi zaidi ya milioni moja, na tangu mwaka 2010 inasomwa mtandaoni bila malipo. Tulijaribu kuandika jina la Pergolesi kwa kompyuta ya seminari, tukaona jinsi nyimbo zake zilivyotawanyika katika miji ambayo yeye mwenyewe hakufika kamwe.

7. Tunajifunza nini?

Kwanza, aliyepokea si mwenye mali. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tunao wadeni wa namna ya pekee, yaani Mungu, wazazi na nchi yetu, ambao hatuwezi kuwalipa sawasawa na tulichopewa. Hatuwezi kumlipa Vivaldi wala Santini. Tunaweza tu kumfikishia anayekuja.

Pili, kumbukumbu ni sehemu ya busara. Mtakatifu Thoma huyohuyo anaiweka kumbukumbu miongoni mwa sehemu za fadhila ya busara, kwa kuwa anayesahau yaliyotokea hawezi kuamua vema yatakayotokea. Sisi tulisafisha chumba kwa bidii, na bidii bila busara ikatuletea hasara.

Tatu, Kanisa limetuagiza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia, unataka hazina ya muziki mtakatifu itunzwe kwa uangalifu mkubwa, na hati hiyohiyo inataka muziki wa mataifa yanayoinjilishwa upewe heshima inayostahili. Maagizo haya mawili yanakwenda pamoja. Wimbo wa mavuno wa parokia ile ulikuwa sehemu ya hazina hiyo, kwenye bahasha yake ya kaki. Bwana wetu alipowashibisha watu wengi aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu (rej. Yn 6:12). Aliyeweza kufanya mkate mwingine hakuvidharau vipande.

Basi tulifanya nini? Katika likizo fupi ya Pasaka tulirudi parokiani tukaenda kumwomba mzee msamaha. Alicheka kidogo akasema, "Wanangu, yaliyoungua yameungua, kaeni tuimbe." Aliimba sauti ya tatu, nasi tukaiandika. Alitutajia mama mmoja wa jumuiya ndogondogo ya jirani aliyeimba sauti ya kwanza zamani hizo. Tukamfuata, naye akaikumbuka yote isipokuwa beti la mwisho. Sauti ya pili tumeipata nusu. Besi hatujaipata mpaka leo. Aliyeiimba alishatangulia mbele ya haki. Tulichonacho tumekiandika katika daftari, pamoja na jina la mtunzi, mwaka wanaoukumbuka, na majina ya waliotuimbia. Nakala moja iko ofisi ya parokia, nyingine iko maktaba ya seminari.

Tunawaomba waamini na mafrateri wenzetu: kabla ya kutupa karatasi yoyote ya kwaya, muulizeni mzee mmoja. Ipigeni picha kwa simu, andikeni nyuma yake ni ya nani na ya mwaka gani, iwekeni mahali pakavu pasipofikiwa na mchwa. Kazi hiyo haihitaji fedha za Foà wala za Giordano.

Maswali ya kutafakari katika vikundi

1. Parokia yetu ina nyimbo gani ambazo nakala yake ni moja tu, na ziko mikononi mwa nani?
2. Ni jambo gani tunalolisema kuwa kweli kwa sababu tu wengine wamelisema, bila kwenda kulitazama lenyewe?
3. Je, katika historia ya jumuiya yetu kuna jeraha tunalolificha tunaposimulia mazuri? Tulitunzeje kumbukumbu yake kwa ukweli na upendo?

Tuendelee kuombeana.